Sura ya marehemu baba kwenye pakiti ya maharage

Mpendwa Dada Mkubwa,

Naomba unipokee na mzigo wangu, maana nimeubeba mpaka shingo imekakamaa na hapa nyumbani hakuna wa kunitua. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kupaki mboga za supamaketi, meza ya maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake, na kwenye kila pakiti ninayoifunga kuna picha ya mzee mwenye kofia, anacheka, chini yake pameandikwa "Zao la hapa nchini" na pembeni ipo nembo ya kijani ya Shamba Salama, wanayopewa wakulima waliokaguliwa dawa zao, na mzee huyo, dada yangu, ni baba yangu mzazi, ambaye tulimzika mwaka juzi.

Picha hiyo alipigwa akiwa hai na kwa haki yake, usinielewe vibaya. Baba alikuwa mkali kuliko wakaguzi wenyewe, akishapiga dawa kwenye tuta anafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti cha mwisho wa tuta, na hapo hata uwe mgeni wa heshima huchumi ganda hata moja mpaka siku za dawa zipite na yeye mwenyewe akifungue, na vitambaa hivyo mama ndiye aliyekuwa akivichana kutoka kwenye shuka jekundu kuukuu, kipande chake bado anacho kwenye sanduku lake mpaka leo. Watu wa nembo waliipenda sana habari ya vitambaa, wakaichapa nyuma ya pakiti, supamaketi wakaweka sura yake mbele, na maharage yetu yakawa yanaisha rafuni kabla ya mengine.

Baada ya msiba mama akahamia kwangu mjini, kaka yangu mkubwa akabaki na shamba, na hapo ndipo kisima kilipogeuka chumvi, majani yakaungua, maua yakapukutika, na kaka hakumwambia mtu. Alikubaliana na meneja wetu wa kiwanda pakiti ziendelee kutoka kwa jina la shamba letu, na sasa yanakuja malori ya maharage kutoka nje ya nchi, magunia yana maandishi ya lugha nisiyoijua, tunayachana, tunamwaga kwenye kreti, tunaosha, halafu sisi wenyewe tunayavisha sura ya baba, na ukiuliza yalipigwa dawa gani na lini msimamizi anakwambia, "We funga." Siku nyingine naweka pakiti kifudifudi mezani ili asinitazame. Mwenzangu wa meza moja vidole vilianza kumbabuka, macho yakavimba, msimamizi akasema ni sabuni, akarudishwa kwao, na sasa mikono yangu nayo imeanza kuwasha vilevile, nami nimejinunulia glavu naendelea kufunga.

Lakini kinachoniua ni mama. Kila Jumamosi anavaa vizuri ananiambia, "Nisindikize nikamsalimie baba yako," tunakwenda supamaketi, anasimama mbele ya friji la mboga, anageuza pakiti mojamoja ili sura zote ziwatazame wateja, na wale vijana wa pale wameshamzoea, wanamtania, "Mama, leo mzee ameamkaje?" naye anawajibu, "Ameamka na mafua, si mmemweka kwenye friji." Watu wanacheka, nami nacheka nao. Jumamosi iliyopita akaja mwanamke amebeba mtoto anayeanza kula, akauliza kama maharage haya yanaweza kupondwa yakapewa mtoto, na mama akamshika mkono akamwambia, "Mpe bila wasiwasi, mwanangu. Huyu ni mume wangu, hakuwahi kuvuna kabla ya wakati." Yule mwanamke akachukua pakiti mbili. Nilikuwa nimesimama hapohapo, Dada Mkubwa, nikachukua na yetu moja, tukarudi nyumbani mama akapika pakiti yetu kama kawaida, akala na mwanangu, mimi nikasema nimeshashiba kazini, kama ninavyosema kila mara.

Sasa wiki ijayo watu wa nembo wanakuja kukagua shamba. Kaka amepanda matuta machache upande wa barabarani, anayamwagilia kwa maji yanayoletwa na lori la boza, na anataka nimpeleke mama akakae barazani awasimulie habari ya vitambaa, kwa sababu mkaguzi alimpenda sana mzee. Mama hajui lolote, anaamini shamba linaendelea, ameshanyoosha gauni lake na ameshaanza kujizoeza atakavyosimulia. Nilipomwambia kaka kwamba hili si sawa alilia, mwanamume mzima, akasema, "Unataka nimzike baba mara ya pili? Na hao wenzako wa kiwandani, utawalisha wewe?" Nikisema, kaka anaweza kufungwa na wenzangu nitakuwa nimewatia mchanga kitumbua chao, nikinyamaza, mama yangu ambaye hajui kudanganya atakwenda kudanganya bila kujua. Je, nimpeleke tu, au nijifanye naumwa siku hiyo, au niache kazi niende zangu nisijue tena kinachoendelea?

Ni mimi,
Mfunga Pakiti

*

Mfunga Pakiti, mdogo wangu,

Pole. Kwanza pole ya msiba, maana naona matanga yako hayajaisha, kutwa nzima unashika sura ya baba yako na kuifunga na maharage ya watu wengine. Hiyo si kazi ya kumpa mtoto wa mtu. Ningekuwa karibu ningekaa na wewe kidogo kabla ya kusema chochote, lakini niko mbali na wiki ijayo inakuja, kwa hiyo nivumilie, nakugombeza.

Umeandika barua ndefu. Umemtaja kaka, meneja, msimamizi na mkaguzi, na katikati ukapitisha neno moja harakaharaka ukidhani sitaliona. Unasema umeshashiba kazini. Kila mara! Kumbe uamuzi uliufanya siku nyingi, umeona kuwa maharage hayo hayakufai. Ila umeamua kwa niaba ya tumbo lako peke yako. Mama yako anayala. Mwanao anayala. Wewe umenyanyuka mezani ukawaacha wao wameketi, na bado unaniuliza kama ujitie ugonjwa siku ya ukaguzi. Acha hizo.

Na tusionee watu. Maharage ya nje si sumu kwa kuwa tu yametoka nje. Huko nako kuna wazee wakali na matuta yao, na pengine haya mnayoyachana magunia yalilimwa vizuri kuliko ya jirani yenu. Lakini nani ajue? Lebo imewekwa ili mtu akidhurika ajulikane wa kuulizwa, na ninyi mmeweka sura ya mtu asiyeweza kuulizwa tena. Mwenzako amebabuka vidole na hakuna daktari atakayejua alishika dawa gani, kwa sababu kila kilichoeleza yalikotoka kimechanwa na kutupwa. Hapo ndipo mlipokosea, na mmekosea vibaya.

Kaka yako namhurumia. Kisima kugeuka chumvi si dhambi, na mtu aliyeachiwa shamba la baba anaona aibu limfie mikononi. Lakini angewaambia supamaketi mapema kwamba shamba limekufa, angepoteza nembo akabaki na jina la mzee. Badala yake amemvika marehemu kilemba cha ukoka, na sasa zamu ni ya mama. Machozi yake ni ya kweli, sikatai. Ila anakulilia wewe ili usifike kwa mwingine.

Basi sikiliza. Mama haendi shambani kabla hajajua, hilo halina mjadala. Kaka mpe nafasi ya kusema mwenyewe: awapigie watu wa nembo kabla hawajafunga safari, na awaombe supamaketi watoe pakiti zile rafuni. Mpe leo na kesho, si zaidi, kwa kuwa watu wananunua wakati ninyi mnabembelezana. Asipofanya, fanya wewe, kwa jina lako, bila kujificha. Mwenzako wa meza msindikize hospitali, nenda na kipande cha gunia chenye yale maandishi, mwelezeni daktari kazi mnayofanya na umwonyeshe na mikono yako. Hadithi ya sabuni mwachieni msimamizi.

Kuhusu yatakayofuata, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huenda kiwanda kikafungwa, na kuna wenzako watakaovuka barabara wakikuona unakuja. Kaka anaweza kushtakiwa na asikusamehe. Mama atakosa pa kwenda Jumamosi. Sina dawa ya hayo, na atakayekwambia anayo anakudanganya. Yule mwanamke na pakiti zake mbili hatutampata tena, wala hatutajua mtoto wake alilalaje. Lakini Jumamosi hii atakuja mwingine, na mama yako atamshika mkono vilevile na kumwapia kwa jina la mumewe. Unataka usimame tena pembeni?

Kuacha kazi na kwenda zako ili usijue, sahau. Unajua tayari.

Nahisi utaniambia huna maneno ya kumwambia mama. Huyahitaji. Leo hii, kabla hajawasha jiko, fungua sanduku lake, chana kipande cha lile shuka jekundu, kifunge kwenye pakiti iliyopo jikoni, iweke mezani mbele yake, nawe ukae. Mama yako amevichana vitambaa hivyo kwa mikono yake, hatakuuliza maana yake. Atakuuliza tangu lini.

Umjibu.

Dada Mkubwa