Dada, Usiliuze Gari Bado

Kwako Dada Mkubwa,

Barua hii imeandikwa na mtu ambaye Jumapili iliyopita watu wasiopungua mia mbili walisimama wima kumtazama, wengine wameshika vichwa. Sidhani kama kuna mwingine katika ukoo wetu aliyewahi kusimamisha watu mia mbili kwa mpigo. Marehemu baba alikuwa mtu wa watu, lakini hata siku ya kumzika hawakufika themanini. Liweke hilo moyoni wakati unasoma.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unajichua nayo au umeipanga kabatini pamoja na wenzake? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu, ingawa mimi kaninunia tangu Jumapili. Kazi ya matairi inakwenda, lori lisipopata pancha mbele ya kibanda changu hupata nyuma yake. Mwanao ni mzima, hana hata mchubuko. Narudia, hana hata mchubuko. Anaamka, anakwenda maabara kupima damu za watu, anarudi, anakula vijiko viwili vitatu, anaingia chumbani na kufunga mlango. Hasemi. Ndiyo maana mimi, niliyeiacha shule mlangoni, leo nimeshika kalamu.

Ujumbe wako umenifika, kwamba umepata mnunuzi na Jumamosi anakuja kulichukua gari. Najua pia aliyekupigia simu ni jirani yetu muuza mapazia, maana Jumapili alikuwepo uwanjani, amekaa mbele kabisa na mwavuli wake. Kakuambia gari lilizunguka mara mbili na kusimama karibu na ukuta, na kwamba ukimwacha mtoto na gari lile utaletewa maiti. Ukaniomba mimi, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu wa mashindano ya magari, nikuambie kama mtoto anafaa au hafai. Ulisema neno langu ndilo litakalokata shauri. Dada, maisha yangu yote nimewabembeleza watu wanisikilize. Safari hii ndiyo mara ya kwanza naogopa kusikilizwa.

Kwenye simu nisingeweza. Wewe ukicheka kidogo tu, mimi naanza kutia chumvi. Karatasi haicheki. Nimekaa juu ya tairi, naandikia mgongoni mwa rimu, na dereva wa lori la saruji anasubiri nimkazie nati ili akuletee bahasha hii mkononi kabla ya kesho jioni. Ananiuliza kila baada ya dakika kama naandika barua au wosia.

Kwanza nikueleze mchezo wenyewe, kwa sababu najua umeelezwa kama vile ni watu wanaofukuzana barabarani. Sivyo. Sisi tunaziita mbio za koni, wenyewe wanaziita otokrosi. Ni ule uwanja wa kuegesha malori nyuma ya maghala, ambao Jumapili huwa mtupu. Zinapangwa koni za plastiki mpaka zinakuwa njia: hapa unapenya katikati, pale unazipita nyokanyoka, kule unaizunguka moja na kurudi ulikotoka. Gari linaingia moja peke yake na kushindana na saa. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde mbili. Ukipotea njia, duru yako haihesabiwi. Kila mmoja ana duru tatu. Na ambaye si zamu yake husimama uwanjani kuokota koni zilizoangushwa na wengine, awe bosi, awe nani. Hilo la kuokota koni sikulipenda.

Gari la marehemu shemeji unalijua, viti viwili, pua ndefu, wewe mwenyewe ulikuwa unaliita kiatu. Mwanao amelihangaikia miezi saba. Kila alipotoka kazini, mikono ndani ya boneti. Na wewe ulimruhusu kushiriki kwa sharti moja tu, kwamba nikae pembeni yake. Ulisema dereva wa mashindano akiwa ndani ya gari, wewe utalala usingizi. Maneno hayo alinisomea mwanao kutoka kwenye simu, nami nikakohoa kidogo nikasema umesema vyema.

Asubuhi ile kulikuwa na ukaguzi. Mkaguzi ni mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, wote wanamwita Mama Filimbi. Kila kitu kinachochezacheza ndani ya gari lazima kitoke, na mifukoni pia. Mimi nikatoa kipima upepo, bisibisi mbili, kitana, karanga, na nati moja ambayo mpaka leo sijui ni ya gari gani. Akaniuliza kama nimekuja kushindana au kuhamia. Lakini alipopima matairi, akauliza nani kayajaza upepo. Nikasema ni mimi. Akasema hajapima mengine siku hiyo yaliyolingana kama yale. Dada, hilo si chumvi, lina mashahidi.

Basi kichwa kikavimba. Aliponiuliza kama nina uzoefu wa kukaa na anayejifunza, nilimwambia nilikuwa nakimbiza magari wakati yeye anajifunza kufunga viatu. Akanitazama juu chini, nadhani kanizidi umri, kisha akanipa helmeti. Ilikuwa ndogo. Mashavu yakaja mbele nikawa naongea kama bata.

Kabla ya kuendesha, kila dereva anaitembea njia kwa miguu ili aikariri. Mwanao aliitembea mara nne. Nilimwona midomo inacheza, anasimama kwenye kila kona, anageuka nyuma kuangalia alikotoka. Mimi niliitembea nusu. Nilikutana na jamaa mmoja anayeuza matairi ya mitumba, akasema amesikia habari zangu, nami nikabaki pale kumpa habari zenyewe. Nilimwambia koni ni koni tu.

Duru ya kwanza niliiharibu mimi. Bendera iliposhuka mtoto aliondoka vizuri kabisa, gari linanguruma, mgongo wangu umegandana na kiti. Nikaanza kuelekeza. Kulia! Kushoto! Kanyaga! Acha! Tulipofika pale njia inapogawanyika, yeye alikuwa anaelekea kulia, mimi nikapiga kelele kushoto, kwa sauti ya mtu mzima, na yeye akamtii mjomba wake. Tukatokea nje ya koni, tukiwatazama watu waliopanga foleni ya soda. Duru haikuhesabiwa. Tuliporudi kwenye foleni hakunilaumu. Alisema tu, kwa heshima zote, Mjomba naomba duru ya pili usiseme neno, wewe kaa tu, utakuwa umenisaidia sana.

Niliumia, lakini nilinyamaza. Mdomo nikaufunga, na kwa ile helmeti haikuwa kazi ngumu.

Duru ya pili ndiyo hiyo uliyosimuliwa. Aliondoka kwa kasi kuliko mwanzo. Zile za nyokanyoka alizipita hivi na hivi, hivi na hivi, tumbo langu linabaki kila upande tuliotoka.  Halafu ikaja ile kona ya mwisho, ambako njia inaelekea ukuta wa ghala kisha inakata ghafla. Tukaingia. Mara nyuma ya gari ikakimbilia mbele, dunia ikazunguka, ikazunguka tena, koni zinapaa kama kuku waliofukuzwa, matairi yanalia, kisha kimya. Moshi wa mpira. Gari limeupa ukuta mgongo. Baadaye nilikwenda kupima kwa miguu, zilikuwa hatua kumi na moja. Hapo ndipo watu wote waliposimama.

Mama Filimbi alifika mbio, akachungulia, akauliza kama tumeumia, kisha akauliza nini kimetokea.  Mwanao aligeuza shingo akanitazama mimi. Na mimi, Dada, nikaivua ile helmeti, nikapumua, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba kona imemshinda, bado ni mwanafunzi huyu, atazoea.

Mtoto akamgeukia yule mama. Akasema ndiyo, kosa ni lake, alichelewa kupunguza mafuta.

Mama Filimbi alitaka kutufukuza. Walinong'onezana na mwenye saa, wakamkagulia gari upya, kila nati, kila mkanda, wakaona halina tatizo. Wakampa duru ya tatu kwa sharti la kwenda peke yake, na mimi nipewe bendera nikaokote koni. Wakanisimamisha palepale, kwenye ile kona ya ukuta.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole. Nilikuwa nimesimama hatua kama ishirini kutoka kwenye njia, bendera mkononi. Nikasikia gari linaondoka. Nilisema moyoni, akija hapa akajigonga mbele ya macho yangu, nitakuambia nini? Nikamwona anatoka kwenye nyokanyoka, hajagusa hata koni moja. Akaja moja kwa moja kuelekea ukutani. Nikainua bendera bila hata kujua. Lakini alipofika alikanyaga breki mapema, akiwa bado amenyooka, kisha akaachia, kisha ndipo akakata. Nyuma ya gari ikateleza kidogo, kiasi cha kiganja, akairudisha kwa usukani kama unavyorudisha kanga begani. Alipopita niliona macho yake. Hayakuwa kwenye ukuta, wala kwenye koni iliyo mbele yake. Yalikuwa yameshafika kule anakokwenda. Akaongeza mafuta akaondoka zake.

Hakuangusha kitu. Kati ya wanaoanza kumi na wanne alikuwa wa pili, na Mama Filimbi alimwita pembeni akamwambia arudi mwezi ujao. Hilo muuza mapazia hakukuambia kwa sababu alikuwa ameshaondoka kukupigia simu.

Tukarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nasubiri anitukane, ningefurahi. Tulipofika getini akazima gari, akakaa. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule mama ukweli. Akaniambia kwamba katika dunia hii mtu anayeamini kila hadithi yangu ni Mama yake tu, na yeye hawezi kuninyang'anya mtu huyo mmoja. Akasema Mama akisikia ataliuza gari, lakini gari ni bati, atazoea kulikosa. Halafu akashuka akaingia ndani. Tangu hapo ndiyo huo mlango uliofungwa.

Dada, nisikilize. Kona haikumshinda mtoto. Mkono wangu ndio ulioshika breki ya mkono nikaivuta mpaka mwisho. Yeye alikuwa ameshakanyaga breki yake, ameshakata usukani, alikuwa anatoka. Mimi nikavuta. Matairi ya nyuma yakaganda, ndiyo maana gari likazunguka. Mtoto wa maabara, ambaye mkono wake hautetemeki hata akimchoma sindano mtoto mchanga, alibebeshwa kosa la mjomba wake mbele ya watu mia mbili, akalibeba, na Jumamosi angelilipia kwa gari la baba yake.

Kwa hiyo umeniuliza kama anafaa. Anafaa. Asiyefaa kukaa ndani ya gari lile ni mimi. Mwambie huyo mnunuzi asije, na kama ameshaondoka kwake mwambie ageuze. Akifika hapa nitamkalia mlangoni, lakini ningependa ageuzwe na wewe. Na mwanao mpigie wewe mwenyewe, simu yake iko wazi baada ya saa kumi. Usimwambie nimekuandikia. Au mwambie, vyovyote utakavyoona.

Habari za mashindano yangu ya zamani tuziache kwanza. Zina mambo yake. Siku ukija tutakaa.

Wasalimie majirani wote wa upande wenu, na yule fundi cherehani mwambie suruali aliyonishonea inanibana, si kwamba nimenenepa. Goti lichue asubuhi na jioni. Wifi yako anasema ukija mwezi ujao chumba kipo, na anasema pia nisiposema kweli kwenye barua hii nihamie kibandani.

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, dereva ameshawasha lori, nikamwambia azime. Ni hivi. Najua wewe, ukimaliza kusoma utasema labda mdogo wangu aliona mtoto anakwenda ukutani akamwokoa. Ungelisema hilo kwa kunipenda, nami ningekuacha uliseme, maana nimekuwa nikijiambia hivyohivyo tangu Jumapili. Sikuona ukuta, Dada. Sikuona chochote. Zile nyokanyoka na koni zinazopaa, hata breki aliyokanyaga na usukani aliokata, nilisimuliwa baadaye na wenye foleni ya soda. Tangu bendera ya duru ya pili iliposhuka nilikuwa nimefumba macho, na breki ile niliishika kwa sababu ilikuwa kitu cha karibu cha kushika.

Mdogo wako wa mwisho.