Shikamoo kwa Mama wa Manyoya

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Shikamoo yako imefika Kilosa salama. Babu yako yuko Chanzuru anapalilia mahindi. Mimi nabishana na magazeti, kama kawaida.

Unauliza kama ukicheza kwenye kanivali huko Trinidad, umevaa manyoya, utatuaibisha. Nami nilifika huko ujanani, kwenye mkutano wa waandishi, nikiwa na makala kali kichwani dhidi ya watu wazima wanaocheza barabarani nusu uchi. Nikasimama pembeni nimenuna. Mara akatokea mama wa rika la bibi yangu, manyoya mekundu kichwani, anakatika mbele ya gari la muziki. Nilivyolelewa, mzee hapiti hivi hivi. Nikaingia barabarani, nikapiga goti: "Shikamoo!"

Akasimama. Kundi zima nyuma yake likasimama, gari likapiga honi.

"Umeanguka, mwanangu?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nakusalimu, mama. Kwetu mzee hapitwi bila salamu."

"Hata akivaa hivi?"

"Hata hivyo."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia, nyie msio na adabu?" Kisha akaninyanyua. "Haya, umenipa heshima ya kwenu. Sasa nipe ya kwetu: cheza!"

Nikacheza mpaka kiatu kikakatika. Ile makala sikuiandika.

Kwa hiyo vaa manyoya yako, ucheze. Ila ukimpita mzee bila kumsalimu, hapo ndipo utakapotuaibisha.

Bibi yako,
bado mkali