Baiskeli ya Gia Tatu na Mkono Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mpima kaniletea baiskeli leo. Nasema baiskeli, lakini ni mifupa. Mpima ni mteja wangu wa kila Alhamisi tangu nifungue kibanda cha kunyolea, mzee mstaafu aliyepima mashamba na barabara za watu maisha yake yote. Goti limegoma, anasema. Ichukue wewe kinyozi, mimi nitaishia kuitazama tu.

Fremu nyeusi, nzito kama mlango wa benki. Madigadi imeliwa na kutu. Siti haina ngozi. Lakini habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu! Imegongwa namba 58, mwaka iliotoka kiwandani huko Uingereza, na gia zote tatu zimo ndani, huzioni. Nimeizungusha. Inakoroma.

Mke wangu kacheka mpaka kashika ubavu. Wewe ni kinyozi au fundi chuma? Nikamwambia nataka kuifufua tu, ni kitu cha kupitishia jioni.

Sababu ya kweli naiandika hapa, maana daftari hili halina msomaji. Mkono wangu wa kushoto unatetemeka. Unatetemeka ukipumzika tu. Ukishika kitu, unatulia kama si wenyewe. Kibandani hauna neno, kutwa una kazi. Balaa ni nyumbani. Nikikaa kwenye kochi, gumba linaanza kuvingirisha punje isiyokuwepo.

Kwa hiyo mkono usipumzike mbele ya mke wangu. Baiskeli imekuja kwa wakati wake.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua gurudumu la nyuma. Nati ya upande mmoja imetoka. Ya pili, ile yenye kidirisha cha kuchungulia kijicheni cha gia, imepasuka. Kijicheni chenyewe kimekatikia ndani ya ekseli. Kebo ya gia hakuna. Pini za kushikia krenki, mikono ya pedali, zimepinda.

Nati za siku hizi haziingii. Nyuzi zake ni za kipimo cha zamani. Nimezunguka maduka matatu saa ya chakula, na kote wananitazama kama naulizia jino la tembo. Wa mwisho kasema: nenda kwa Bi Nati, nyuma ya soko la nguo. Kama hana yeye, basi ilishakufa na aliyeitengeneza.

Wakati wa kula nimeukalia mkono. Mke wangu: mbona unakula kama mgeni leo?

Jumamosi, 8 Machi

Bi Nati ni mjane wa fundi baiskeli. Duka lake halina rafu, lina makopo. Makopo ya maziwa, ya rangi, ya biskuti, mpaka darini. Kila kopo anajua lina nini bila kufungua.

Nikamtajia. Hakuniuliza mara mbili. Kapanda kiti, kashusha kopo, kamwaga kwenye gazeti. Nati yenye kidirisha — ipo! Pini za krenki — zipo, ila nizipige tupa kidogo. Kijicheni hakuna. Atauliza kwa mwenzake wa mji wa pili.

Kanipa kipande cha karatasi niandike jina la kitu na namba yangu ya simu. Nikaandika. Akakisogeza karibu na macho, akakipeleka mbali, akacheka.

"Kaka, hii umewaandikia sisimizi?"

Nikacheka naye. Njiani nikacheka tena peke yangu, ili kicheko kisikatike ghafla.

Nimefika nyumbani nimefungua daftari hili. Nimerudi nyuma hadi mwaka jana, kurasa za Julai. Herufi kubwa, zimejaa mstari, zingine zinagusa mstari wa juu. Januari zimeshuka. Za Jumatano hii — nimechukua miwani kusoma mwandiko wangu mwenyewe!

Naandika sasa kwa nguvu. KUBWA. Naanza kubwa, nikifika mwisho wa mstari zimeshakuwa ndogo. Hii ni kazi ya mkono wa kulia. Mkono wa kulia, Mungu wangu. Mkono wa wembe.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka. Nimeosha habu kwa mafuta ya taa uani kutwa nzima.

Mke wangu katoka jikoni na kanga puani. Nyumba nzima inanuka! Utatuua na hayo mafuta yako! Nikainamia beseni. Nikavuta pumzi. Sikusikia harufu yoyote. Nikainama tena mpaka ncha ya pua ikagusa. Hakuna kitu. Kama naoshea kwa maji.

Sijui hilo nalo ni la nini. Naliandika tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeota mjomba.

Ndugu wa mama. Alikuwa seremala. Alianza kutetemeka mkono mmoja, akawa anasema ni baridi. Miaka minne baadaye hakuweza kufunga vifungo vya shati. Mwisho alikuwa anakaa barazani, uso hausogei, mate yanamtoka, na chai ananyweshwa. Mara nyingi aliyemnywesha ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi.

Tulimwita Cherehani. Watoto wote wa mtaa. Mjomba Cherehani, mshonee huyu! Tunapita mbio, tunacheka. Na aliyembandika jina hilo ni mimi. Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nafuta kidevu chake, nikitoka nje nawachekesha wenzangu.

Yeye alikuwa anasikia. Uso haukusogea, lakini macho yalikuwa yananifuata.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemkata Mpima.

Chini ya sikio, alipokuwa amefumba macho, ananisimulia kwamba mwisho wa mwezi anahamia kwa mwanawe. Damu. Siyo nyingi, lakini imeshuka hadi kwenye kola. Nimeshika shabu ya kuzuia damu, nimebana, nimeomba radhi kama mara kumi. Kasema hata mjini kwa vinyozi wakubwa watu wanakatwa, acha kunililia.

Lakini mkono haukutetemeka! Hilo ndilo linanitisha. Ulikuwa umetulia kabisa. Ulichelewa. Kichwa kilisema inua, na mkono ukainua baadaye. Kidogo tu baadaye, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha pili.

Ningekuwa mbele kidogo, kwenye mshipa...

Nimefungia wembe kwenye droo. Wateja nawaambia ni mashine tu wiki hii, wembe nilionao ni mbovu. Miaka ishirini na sita sijawahi kusema uongo nikiwa nyuma ya kiti kile.

Mpima akiondoka aliuliza: baiskeli utaimaliza lini? Nataka niione inatembea kabla sijahama. Nikasema karibuni.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Nati kapiga simu. Kijicheni kimepatikana! Na kebo, na kishikio cha kubadilishia gia cha kwenye usukani, cha chuma, bado kinasema "tak" ukikisukuma. Amevifunga kwenye kitambaa kama dawa.

Nikaenda dukani, nikakaa kwenye kiti chake kumsubiri atafute springi. Ndani ya habu kuna vijino vinne vya chuma vinavyoshika gia, na kila kijino kina springi nyembamba kama unywele. Zangu zote zimekufa. Nilikuwa nimechoka, nikasahau. Mkono nikauacha pajani.

Aligeuka na kopo mkononi. Kaona. Kanihesabia springi sita badala ya nne — mbili za kupotea, anasema, maana hizo hurukaruka. Halafu akaniuliza polepole, akichagua nati ambazo hazikuhitaji kuchaguliwa.

"Kaka, pua yako inasikia harufu?"

Nikamuuliza kwa nini. Kasema marehemu mume wake alianzia puani. Alikuwa anakaa kwenye grisi na mafuta kutwa, akadhani ndiyo kazi imeua pua. Mkono ulifuata.

"Alipona?"

"Nenda hospitali mapema," akasema. "Usije ukafanya kama yule. Alikuwa ananificha mimi, na mimi nalala naye kitanda kimoja."

Sikuaga vizuri. Nimetembea haraka, halafu nikajiona kwenye kioo cha duka la vitambaa. Mkono wa kulia unapiga hatua na mwili. Wa kushoto umening'inia tu, hausogei. Kama wa mtu mwingine, niliouazima.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya nne napambana na springi. Kuzipachika, unabana kijino kwa kidole kimoja, springi kwa kingine, kipini unakisukuma kwa gumba. Vidole haviendi. Havitetemeki — haviendi! Moja imeruka kwenye nyasi. Moja imeruka sijui wapi. Zimebaki nne kamili.

Nimepiga meza kwa ngumi. Mke wangu kachungulia dirishani, karudi ndani.

Jumamosi, 22 Machi

Mke wangu kaja uani mchana na miwani yake ya kushonea. Yeye hushona nguo za watu pale sebuleni, sindano anaitia uzi huku anaongea.

"Sogea."

Nikasogea. Kakaa kwenye kigoda changu, kaniambia nimwonyeshe mara moja. Springi ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Hakuinua kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto, baba watoto."

Jogoo wa jirani akawa anapekua majani ya mboga. Nikamtazama yule jogoo kama ndiye aliyeuliza.

"Mwezi wa kumi na moja," nikasema.

"Mimi nimeuona wa kumi na mbili. Nikangoja uniambie. Ulivyokuwa unauficha mkono, mwanzo nilidhani umevishwa pete na mwingine huko!"

Kacheka. Mimi pia nikacheka. Nikamwambia yote. Mwandiko, mafuta ya taa, shingo ya Mpima. Nikamwambia na jina la Cherehani na nani alilitoa. Alipachika springi ya tatu ninaongea. Ya nne akaishika tu kiganjani.

"Mjomba wako mlimpeleka wapi?"

"Wapi?"

"Hospitali gani?"

Hatukumpeleka popote. Mama alisema ni majaliwa. Tulimkalisha barazani, tukamtazama.

"Basi," akasema, na springi ya nne ikaingia. "Jumatatu tunakwenda."

Nikasema nina wateja Jumatatu. Kaniambia nikanawe, nanuka mafuta ya taa. Nikanusa viganja vyangu. Akaniona ninavyonusa.

Jumapili, 23 Machi

Inatembea!

Tumeipeleka kwenye uwanja wa shule. Mpima kaja na fimbo yake, kaletewa kiti. Gia ya kwanza, laini. Ya pili, ile habu inatoa mlio wake, tik tik tik, kama saa ya ukutani. Mpima kafumba macho kuusikiliza. Kidonda chake chini ya sikio kimeshakauka.

Kwenda ya tatu nikapotea. Kati ya pili na tatu kuna mahali pasipo na kitu, kebo isipokazwa sawasawa. Pedali ikazunguka bure, mguu ukachomoka, tumbo likagonga usukani. Mke wangu alipiga kelele moja. Sikuanguka. Nilisimama nimeshika breki.

Mpima kanielekeza: kaza kijicheni mizunguko miwili, uchungulie kwenye kidirisha. Nikakaza. Tatu ikashika.

Nilizunguka uwanja mara saba. Mikono yote miwili kwenye usukani, imetulia. Mara saba nilikuwa mzima. Sikutaka kushuka. Nilijua kinachoningoja nikishuka, ndiyo maana nilizunguka ya nane.

Jumatatu, 24 Machi

Hospitali. Benchi la mbao, ukuta wa kijani hadi usawa wa bega, juu mweupe. Tumekuja na baiskeli, mke wangu kwenye keria, kanishika kiuno kwa nguvu kila kwenye tuta. Nimeifungia kwenye nguzo ya taa.

Namba yetu ni 31. Wameita 27.

Nimeleta daftari ili nimwonyeshe daktari mwandiko. Mke wangu ndiye aliyelifikiria hilo. Hajui ndani yake nimeandika nini, na hajauliza. Yuko kulia kwangu, anaangalia mbele.

28 kaingia, mama mmoja na fimbo. Mlango unajifunga wenyewe, polepole.

Kumbe kidole gumba cha kulia. Sasa hivi, niliposimamisha kalamu kuangalia mlango. Kimeanza. Kile kile, punje ile ile. Nikagusa karatasi, kikaacha. Nikainua kalamu, kikaanza.

Mke wangu hajaona. Kushoto najua, nimeshazoea kushoto. Kulia bado sijamwambia. Kulia nilikuwa sijui.

Basi naandika. Nikiandika kinatulia. Kuna saa ukutani, inasema saa nne na dakika kumi. Kuna ndoo nyekundu. Kuna bango la kunawa mikono, mikono mizuri, imechorwa na mtu anayejua. 29 hayupo, wanamwita mara ya pili, hayupo. 30. Mzee huyo anasaidiwa kusimama, anatembea kwa vihatua vidogo vidogo, uso wake hausogei. Amenitazama. Siachi kuandika. Herufi zinapungua, naziona, siachi. Ndoo nyekundu. Ukuta wa kijani. Mke wangu anauliza unaandika nini muda wote huo, nimemwambia ngoja kidogo, anaweka mkono wake juu ya wangu wa kulia ili niache, na mimi nasema ngoja, ngoja kidogo, bado