Kabla Hujalifungua Sanduku

Saluni ya Kinyozi,
Nyuma ya Duka la Saruji.
Jumapili, mwisho wa mwezi wa saba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, za wifi yako, za Mama na za nyumba nzima. Hali yako? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Na usingizi unaupata? Usinijibu "niko salama" kama ulivyomjibu Mama kwenye simu, maana sauti yako ilikuwa ya mtu aliyejikunyata chini ya meza.

Sisi tuko hivyo hivyo. Tunakula, tunaoga, tunafungua saluni. Presha ya Mama imeshuka, hasira yake haijashuka, na hilo nalishukuru, kwa sababu Mama akikosa hasira ujue ni mgonjwa kweli. Wifi yako amekonda, ila ukimwambia anakasirika. Saluni ina wateja kuliko mwaka jana. Tangu msiba, watu wanakuja kunyoa hata nywele ambazo hazijaota, ilimradi tu wanitazame usoni kwenye kioo.

Barua hii nimempa muuguzi wa mtaa wa pili anayesafiri kuja huko, ikufikie kabla ya sanduku. Sanduku ni la mbao, limejazwa vipande vya godoro, na ndani yake kimo kile kichwa ulichokiomba. Nakusihi, usilifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua. Hata zawadi za arusi yako ulizifungua wageni wakiwa bado wanakula.

Baada ya mazishi uliniandikia maneno matatu tu: "Nitumie kichwa changu." Wala sikuuliza kwa nini. Wifi yako alinieleza kilichokuwa kinakutafuna: kwamba mara ya mwisho ulipozungumza na mwanao Kitope ulimgombeza kwa sababu unaongea naye na yeye anatazama pembeni, akanyamaza, ukakata simu. Siku chache baadaye kidole tumbo kikapasuka. Unataka kichwa hicho kikwambie kwamba mtoto hakufa na kinyongo na wewe.

Basi nianze na hilo. Hakuwa anatazama pembeni kwa dharau. Simu alikuwa ameisimamisha kando ya udongo wa kichwa hicho. Alikuwa anakutengeneza wewe.

Ningependa barua iishie hapo, nikutakie heri, nilambe bahasha. Lakini sanduku litafika, na wewe una macho.

Kitope alificha maumivu. Wenzake chuoni aliwaambia ni njaa, nyumbani akatuambia ameshiba. Kazi ya kuhitimu ilikuwa imekaribia kuisha naye hakutaka mtu amtoe karakana kumpeleka hospitali. Daktari alisema wangemleta mapema kidogo angekuwa mzima. Nilitamani kumpiga daktari, wakati mtu mwenyewe alikuwa hana kosa.

Tulipomaliza kuzika, alikuja saluni rafiki yake wa darasani, yule wanayemwita Mrefu. Ni mrefu kweli, akiingia lazima nisogeze taa. Alikaa kwenye benchi, akakataa kunyoa, halafu akaniambia kwamba udongo hautakiwi kukauka. Ukikauka unapasuka, ukipasuka hakuna cha kuonyesha, na pasipo na cha kuonyesha chuo hakiwezi kumhitimisha mtu, awe hai au amekufa. Wao walikuwa wamebanwa na kazi zao. Nilichukua chupa ninayonyunyizia vichwa vya wateja, nikamfuata.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila alasiri nafunga saluni, naenda karakana ya chuo, navua mfuko wa plastiki, navua vitambaa, nanyunyiza, nafunika tena. Vitambaa ni fulana zake mwenyewe kuukuu, ile ya bluu uliyomtumia ukadhani bado ana umri wa miaka kumi imo. Siku za mwanzo sikuthubutu kutazama uso. Nilitazama masikio, kama ninavyofanya ninapomnyoa mtu ninayemdai maneno. Wanafunzi wakaanza kuniita Kinyozi wa Udongo. Nikawafokea, wakaendelea, mwisho nikazoea na kuitika.

Ulifika wakati wa wahitimu kuonyesha kazi zao. Ukumbi ni chumba kirefu chenye madirisha yaliyopakwa chokaa, na kila mhitimu anasimama kando ya kazi yake awaeleze walimu na wageni anavyofanya: anaanzia wapi, mkono unafanya nini, wapi kazi ilimshinda. Kuna kijana amechora dari za vyumba vyote alivyowahi kupanga, anasema kazi yake inaanza kwa kulala chali. Kuna binti ameshona mashati yasiyo na tundu la kichwa. Wifi yako akaninong'oneza kwamba hayo ni makosa ya fundi. Nikamkanyaga mguu.

Mama alikuja akiwa amenuna. Unakumbuka alivyosema mtoto kwenda kusomea udongo ni sawa na kulipia kuchafuka. Alikaa karibu na mlango na mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na karani.

Zamu ya Kitope ilipofika, mkuu wa idara alisimama. Alisema mwanafunzi wao hayupo, kwamba mwenzake ataruhusiwa kuzungumza kwa niaba yake, ila aseme tu aliyoyasikia kwa masikio yake, asimtungie marehemu maneno. Mrefu akaja mbele, akavua vitambaa. Ukumbi mzima ukanukia. Watu wakageuka, wengine wakacheka. Dada, ile chupa sikuwahi kuisuuza. Ilikuwa na manukato ninayowapaka wateja baada ya kunyoa, na kichwa chako kilinukia kama kijana anayekwenda kuposa. Nilitaka ardhi inimeze. Ila nadhani Kitope angecheka kuliko wote.

Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu watu walikuwa wanakitazama.

Nikuambie kilivyo. Kidevu ni kikubwa, kinatangulia. Matundu ya pua yako wazi. Paji la uso ni dogo, limekwenda huko nyuma. Ukisimama mbele yake unaona mtu asiye na umbo. Mwalimu mmoja mwenye miwani akauliza mbona vipimo vimepotea, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hawezi kukosea kidevu. Mrefu akamwomba akae kwenye kigoda cha Kitope, kile alichokuwa anakalia akifanya kazi, kichwa kikiwa juu kwenye stendi. Mwalimu akakaa na kuinua macho. Hakusema tena habari za vipimo.

Ni simu, Dada. Wewe ukiongea naye huwa unaisimamisha simu kwenye meza ya jiko, imeegemea kopo la sukari, huku mwenyewe umesimama unafanya kazi. Mrefu alisema Kitope aliwaambia kwamba amesahau mama yake anaonekanaje akitazamwa sawa kwa sawa, kwamba tangu uondoke amekuona kwa chini tu, na hawezi kutengeneza sura asiyokuwa nayo. Alikuwa anangoja simu yako ya Jumapili kama wengine wanavyongoja mtu aje akae kwenye kiti wamchore. Ukipiga, anashika udongo. Ukikata, anafunika.

Watu wakaanza kupanga foleni ya kukaa kwenye kigoda. Zamu yangu ikafika. Nilikaa, nikatazama juu, na ulikuwa wewe kabisa, hata kile kikunjo cha chini ya kidevu unachokificha kwenye picha. Nililia mbele za watu, siwezi kukudanganya.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika barua hii yote.

Macho hayatazami kigoda. Ukikaa pale alipokaa mwanao, uso uko mbele yako lakini macho yamekwenda kando, kushoto kwako, na yametengenezwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Yana upole. Nusu ya mdomo inaanza kutabasamu, upande huo huo wa kushoto. Mwalimu mwenye miwani akauliza anatazama nini. Mrefu akaanza kukunja vitambaa, mpaka mkuu wa idara akamkumbusha aseme aliyoyasikia.

"Anamtazama yule mtoto anayemlea huko kazini," akasema. "Kiti chake kirefu kiko kushoto, jikoni. Huwa anamlisha wakati wanaongea."

Akaulizwa kama mwenzake alikuwa analaumu. Akajibu kwamba hajui. Alichosikia ni hiki: "Ndiyo sura niliyonayo."

Mama alikuwa ameshaondoka pale mlangoni. Alikuja na mkoba wake, akamwondoa mtu kwenye kigoda bila kuomba, akakaa. Alitazama muda mrefu. Nilidhani atakusema vibaya, maana tangu ukose ruhusa ya kuja kuzika amekuwa akikusema vibaya kila asubuhi, na mimi kila asubuhi namwambia makaratasi si ya kwako kuamua. Badala yake akasema, "Hata mimi kwenye simu ananitazama hivi hivi." Akainuka, akaniambia twende nyumbani. Tangu siku hiyo hajakusema. Sijui kama hilo ni zuri.

Chuo kilimhitimisha. Siku ya mahafali walilisoma jina lake lote kamili, sikulitambua mara moja, wifi yako ndiye aliyenisukuma. Nilipopanda jukwaani kumpokelea cheti watu walipiga makofi mno, nikawachukia kwa muda wote niliokuwa pale juu.

Kilichobaki kilikuwa kichwa. Hakiwezi kuchomwa kwenye tanuri, ndani kina mti na waya, kingepasuka vipande. Njia ni moja: unakifunika kwa plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji, ikikauka inakuwa ganda, unauchimba udongo wote utoke, halafu unamimina plasta nyingine ndani. Unachopata ni kichwa kile kile, cheupe. Udongo wenyewe hausalimiki.

Kabla Mrefu hajakoroga plasta, nilimwomba kitu. Nilimwomba ageuze macho. Yatazame mbele, basi, kazi ya dakika chache, nani atajua. Nilimwambia mama wa mtoto yuko peke yake ughaibuni, hana hata kaburi la kwenda kukaa, na mimi nimtumie kitu kama hiki? Akasema, "Mjomba, nikiyagusa hiyo siyo kazi yake tena." Nikamwita mpumbavu. Nikachukua mwenyewe kijiti cha kuchongea. Mkono huu umenyoa watoto waliolala bila kuwaamsha, na siku ile ulifika karibu na jicho ukarudi, nikakiweka chini. Nikamwambia akoroge plasta yake.

Udongo niliuchimba mimi, sikutaka mtu mwingine. Unatoka kwa mabonge, una alama za vidole, halafu hauna. Pale chuoni udongo uliotumika hurudishwa kwenye pipa, unalowekwa, unakandwa, wanafunzi wapya wanaupokea. Yeye naye alichukua wake humo humo. Nilisimama kando ya pipa na ndoo mkononi nikitafuta sababu ya kuondoka nayo nyumbani. Sikuipata. Niliumwaga ndani, nikaosha ndoo.

Wifi yako anakusalimu na anakuomba msamaha kwa mambo ambayo hata mimi hakuniambia. Jirani fundi viatu anakusalimu, bado anaringa na ile redio uliyomwachia. Mama hakutuma salamu, ila aliishika bahasha hii kabla sijaifunga, akaipapasa kama anayekagua kitambaa, akanirudishia. Msalimie na huyo mtoto unayemlea, sina ugomvi naye. Mungu akutie nguvu mikononi utakapong'oa misumari, na asikuache peke yako chumbani siku hiyo.

Kikifika usikiweke mezani. Kipandishe juu ya kabati. Kisha tafuta kigoda, au pindua ndoo, ukae chini mbele yake, pale mwanao alipokaa. Jitazame. Usikimbilie kulia, tazama kwanza. Halafu sogea kushoto, taratibu, mpaka macho yakukute. Utajua mwenyewe umefika. Kaa hapo kidogo, Dada. Hapo ndipo alipotaka kukaa.

Mdogo wako akupendaye,
Kinyozi.