Kaka Uliyenificha Sifuri

Kaka Barasa,

Nilitaka kuanza na "mpendwa", mkono ukakataa. Pokea jina lako tupu.

Nakumbuka asubuhi uliyonitoa mtaani kwetu Rhonda kunipeleka karakana, mama akilalamika kwamba hapo si mahali pa msichana. Ulimjibu, "Mathe, wacha aje. Mashine haiulizi kama wewe ni msichana." Nilikupenda mno siku hiyo, na ndiyo maana leo nina hasira nyingi hivi.

Ulinifundisha, siwezi kukana. Ulinionyesha kuandika programu ya CNC, mashine inayokata chuma yenyewe kwa kufuata maandishi, mstari kwa mstari: G00 ya kukimbiza kisu hewani, G01 ya kukata chuma. Mchana tulikula chapati na madondo, maharagwe ya kibandani, tukibishana kuhusu kasi ya kukata aluminiamu, na ulifurahi nilipokushinda. Lakini kila tulipobadilisha kisu, ulinituma maji, au ulinizibia skrini kwa mabega yako mapana. Hapo ndipo ulipokuwa unagusisha kisu kwenye chuma na kuiambia mashine sifuri, yaani pa kuanzia kupima, iko wapi. Nilidhani ni mazoea yako tu ya kusimama vibaya. Kumbe ulikuwa unanibania hatua moja, kama mafundi wengi wanavyowabania wanafunzi wao wasije wakawapita. Mimi, wa tumbo moja na wewe.

Ukapata kazi nchi za Ghuba, ukaenda na hatua yako. Jumatatu iliyofuata mwenye karakana alinipa shafti ya posho mill, kinu cha kusaga unga, ya mteja kutoka Bahati. Nikafunga kisu kipya, nikaita programu, nikabonyeza kitufe cha kijani. Mashine haikujua kisu kinaanzia wapi. Kilikimbia mpaka kwenye taya zinazoshika chuma, kikavunjika, na kipande kikapasua kioo cha mlango. Uso wangu ulikuwa nyuma ya kioo hicho. Nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Nilikupigia simu nikilia. Ukasema, "Sasa ulitaka nikupee kila kitu? Fundi lazima abaki na kitu yake." Halafu ukacheka. Kufukuzwa nimeshasamehe. Kile kicheko bado. Mama anasema damu ni nzito kuliko maji, nami namjibu kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikaa nyumbani mpaka nikaona haya kuulizwa habari za kazi. Baadaye nikapata karakana nyingine huku mtaa wa Free Area. Fundi wa hapa, mama mmoja anayeitwa Njoki, alinionyesha hatua ile kabla chai yake haijapoa.

"Ni hii tu?" nilimuuliza.

"Ni hii tu, mrembo. Kwani nani alikuficha hii?"

Nilienda chooni nikalia kwa uchungu, kwa sababu ulikuwa umeninyima kitu kidogo kiasi hicho. Leo naandika programu za leth inayozungusha chuma na za milling inayokichonga, na kisu changu hakigongi.

Jana boss wangu alipokea simu yako. Mkataba umeisha, unatafuta kazi ya CNC, na hukujua niko hapa. Aliniita, kwa kuwa jina letu la baba ni moja. "Huyu ni mtu wako? Ukisema ni mzuri, namchukua."

Nikamwambia sikujui.

Ni mimi,
binti wa mama yako