Majani Ndani ya Mashine ya Kufulia

Mabawa, Tanga
7 Januari 2024

Muzna,

Miaka mitano! Paka wa Makorora amenifuata huku Mabawa kunusa mlango, wewe mjukuu wangu umeshindwa? Tangu azikwe mama yako sijauona uso wako. Simu sitaki, kila nikipiga waniambia uko kazini. Jirani yangu Khadija anaandika ninavyosema, atapiga picha akutumie. Mimi mzima, magoti tu. Wewe je, wala vizuri? Kwenye picha yako ya Idi ulikuwa kama ufagio.

Tumesharudi nyumba yetu kutoka Makorora, mafundi wamemaliza. Ile mashine ya kufulia uliyonitumia nimeiweka ulipotaka, uani, juu ya sakafu mpya ya saruji uliyoilipia. Imegoma. Yafua, yasuuza mara moja, mara mbili, na kabla ya maji ya mwisho yasimama. Mlango haufunguki mpaka alasiri. Siku saba hivyo hivyo. Fundi Altaf kafungua chujio, katoa majani ya mkunazi. Kaniuliza, "Bibi, wafua miti?" Nikamwambia afunge mdomo. Mtaa huu hauna mkunazi hata mmoja. Nami nimeosha maiti miaka arobaini. Majani tunayotia kwenye maji yao nayajua hata yakiwa uji.

Nijibu.

Bibi yako


Maskati
12 Januari 2024

Shikamoo Bibi,

Natumai magoti yamepoa. Mimi sijambo, na nakula. Bibi, hayo majani yameletwa na upepo, au yalikuwa ndani ya tangi. Altaf aisogeze mashine. Isipopona nitakutumia nyingine. Likizo mwaka huu ni ngumu, usinune. Msalimie Khadija.

Mjukuu wako


Mabawa
21 Januari 2024

Marahaba.

Usinitumie mashine, jitume wewe. Altaf kaisogeza, kachomoa waya na bomba. Jana adhuhuri, umeme umekatika mtaa mzima, ikajizungusha mara tatu, polepole, kama mtu anayegeuzwa ubavu. Altaf kakimbia kaacha spana zake, hata kuzifuata hataki. Mimi nikavuta kigoda nikakaa nayo. Ndani kukavu, lakini nguo zanukia karafuu maiti.

Sikukwambia kwa sababu hukuuliza. Hapo uani, chini ya saruji yako, ndipo tulipochimba ufuo wa mama yako, shimo la kupokea maji alipokuwa akioshwa. Ungekuwapo ungejua. Ulisema kwenye simu, "Nisubirini, niko uwanja wa ndege." Tukasubiri, kata ya maji ya mwisho nimeishika mkononi, mpaka wanaume wakaja na jeneza kabla sijaimwaga. Nikamwambia mama yako, Bayan wangu, sikioni, "Nenda mwanangu, Muzna atakuja kukumwagia yake." Nimeahidi kwa jina lako. Maiti hadanganywi.

Bibi yako


Maskati
18 Februari 2024

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kunyamaza, nilikuwa na hasira. Leo nimetoa sandukuni ile kanga ya mama, ya rangi ya zambarau. Sijawahi kuifua tangu afe. Nimeitia kwenye mashine yangu. Imesuuza mara moja, mara mbili, ikasimama. Nimefungua chujio. Majani matatu, mabichi. Bibi, mimi nakaa ghorofa ya saba, na chini yangu ni lami na mchanga tu.

Siku ile sikuwa uwanja wa ndege. Hata tiketi sikukata. Nilikuwa kitandani nimejifunika shuka, naogopa kumwona amelazwa pale. Sijamwambia mtu yeyote.

Kanga bado imo ndani. Mlango haufunguki, na alasiri imeshapita.

Mjukuu wako


Mabawa
20 Februari 2024

Marahaba, mke mwenzangu.

Nilijua. Uwanja wa ndege una makelele, wewe ulikuwa wanong'ona. Sikukukasirikia hata siku moja, nilikuwa nakungoja, na sasa tumekuwa wawili tunaokungoja. Mlango wa mashine yako usiulazimishe. Kata tiketi kwanza, kisha ujaribu.

Ukifika, usipige hodi mbele. Zunguka uani, vua viatu. Mimi usinisalimu kwanza, nitakuwa jikoni na sitatoka. Kata iko juu ya mashine, imejaa. Imwage juu ya saruji polepole, uanzie upande wa kulia wa mama yako, na umwambie kwa mdomo wako siku ile ulikuwa wapi.

Bibi yako