Mtaro wa Baba

Ruanda, Mbozi

Kaka Lwitiko,

Salamu kutoka kwenye baridi yetu. Kahawa tumeanza kuchuma. Barua hii nampa jirani yetu Violet akuletee hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, maana simu zangu hupokei.

Ukuta wa chumba cha mama ulianguka masika. Ni ule ambao wewe ulisema utapasuka, kwa kuwa udongo wetu wa mfinyanzi huvimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi. Baba aliziba nyufa kwa saruji kila mwaka, akirudia maneno aliyokufukuza nayo: "Fundi wa jana hanifundishi nyumba yangu."

Juzi juzi nilimkuta nyuma ya nyumba akichimba mtaro wa kuondoa maji kwenye msingi, kama ulivyomshauri. Nilimsihi aache, baridi ilikuwa kali. Hakunisikia. Sasa amelala na kichomi, na daktari hanipi matumaini.

Jana nilimuuliza kama nikuite. Akasema, "Mwulize mtaro uinamie upande gani."

Laiti angeuliza zamani. Njoo umjibu mwenyewe, kaka, angali anasikia.

Dada yako,
Atupele